Mshika Funguo Awapokea Waombaji

Ingieni, msisimame mlangoni kama wageni wa msiba.
Upepo huu wa kusini hauna adabu,
hupenya hata kwenye tundu za vifungo.
Mimi ni Erenita. Cheo changu kwenye karatasi ni kirefu;
kwa kazi, nashika funguo za chumba cha anatomia,
huu mwaka wa thelathini na moja.

Saa nne mkuu wa chuo atawaonyesha picha ukumbini:
kuta nyeupe, wanafunzi wenye meno mazuri, darubini mpya.
Picha si za uongo.
Zilipigwa tu siku ambayo lifti ilikuwa nzima.

Hapa hamlipi ada. Lisikieni vizuri,
maana wapo waliokuja na akiba ya bibi imeshonewa pindoni.
Anayelipa ni muuza samaki wa soko lile kule chini,
dereva wa lori la mchele, mfua mashuka wa hoteli:
kila anunuapo chumvi, senti yake hupanda kilima hiki.
Ukisinzia darasani, unasinzia juu ya chumvi ya mtu.

Ghorofa ya kwanza, wauguzi.
Huamka kabla ya wote, hutajwa baada ya wote;
mimi nimewatangulizia.
Ya pili, famasia, na Profesa Hildebrando
anayesema na panya wake kwa upole
ambao sisi watu hatujawahi kuuonja.
Ya tatu, lishe, na wale wa sauti na masikio,
wanaomfundisha mzee aliyepigwa na kiharusi
kulitamka upya jina la mkewe.
Ya nne, udaktari. Najua, nusu yenu mmeshaanza kuitazama ngazi.

Jocemar, mtoto wa wakulima wa mpunga,
alizimia pale meza ya tatu, siku ya kwanza.
Tulimmwagia maji, akaomba basi la kurudi kwao.
Basi lilikuwa limeshaondoka.
Huo ndio wito wake wote, msiongezewe chumvi.
Leo anashona mioyo ya watoto wachanga.

Na Kafej, binti wa Kikaingang,
alikuja na kikapu cha mianzi alichosuka mama yake.
Biokemia alifeli, akarudia, akafeli.
Humu hakuna aliyejua kumpa pole kwa lugha yake.
Sasa ni muuguzi huko kwao,
na barua yake ninayo, ya mstari mmoja:
«Dona Erenita, hapa wananielewa hata nikinyamaza.»

Mnaiona alama ile ya kahawia ukutani?
Maji yalifika hapo, mwaka wa mafuriko.
Uwanja wa ndani ulilaza watu mia nne, mbwa sitini,
na kasuku mmoja aliyetukana usiku kucha.
Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakujua kitu,
ila kuhesabu walijua:
nani ana homa, nani anaumwa mashavu ya miguu,
nani alivuka maji yenye mikojo ya panya, lini.
Hapo ndipo nilipoielewa afya ya umma,
mimi niliyeufeli mtihani wa kuingia hapa mara mbili:
ni daftari, kalamu,
na mtu asiyeona haya kuuliza tena.

Haya, chumba changu. Vueni kofia.
Meza sita. Waliolala hapa hawakuokotwa,
kila mmoja alitia sahihi akiwa na akili zake.
Yule wa dirishani alifundisha hesabu miaka arobaini,
na bado anawakosoa.

Fomu yangu nami ipo kwenye droo ya pili, imegongwa mhuri.
Huenda baadhi yenu tukaonana tena, sijui mwaka gani.
Mkinikuta, anzeni na mkono wa kulia,
huu uliowafungulia mlango.
Na kiunoni mtaona kovu la upasuaji; msilicheke,
lilishonwa na mwanafunzi.

Twendeni. Shikeni ukuta,
taa ya ngazi hii imekufa tangu Jumanne.