Mkono Pembeni

Shuka la kitanda cha mama tumelipigilia misumari
kwenye ukuta wa tembe, upande usiopigwa sana na upepo,
maana upepo wa Kigwe mwezi wa saba
haujui kwamba leo kuna shughuli.
Projekta nimeiazima shuleni, nimetia sahihi,
imekaa juu ya debe la mtama.
Slaidi kumi na mbili, sekunde arobaini kila moja.
Nilizipanga usiku kucha, nikazifuta madoa,
nikaandika chini kwa herufi nyeupe:
jina, mwaka, mahali.

"Sekunde arobaini," anasema shangazi Damari,
"ndiyo muda wa kumfukuza kuku jikoni.
Wewe unamweka humo mtu mzima?"

Watoto wanacheka. Naendelea.

Slaidi ya tatu: babu Chilongani, amevaa koti.
Ya nne: mdogo wake Masima, amevaa koti.
Ya tano: Ndahani, kitindamimba, kidevu juu, koti.
Nyuma yao wote pazia lililochorwa bahari
na mnazi mmoja uliopinda,
wao ambao maji makubwa waliyoyajua
ni lambo la ng'ombe, nalo Agosti hukauka.
Nimeandika: 1955. 1958. 1961.
Nilikadiria kwa ndevu.

"Koti ni moja," anasema shangazi.

"Rudisha. Angalia kifungo cha pili. Hakipo.
Rudisha tena. Hakipo.
Siku ni moja, asubuhi moja, Dodoma mjini,
kwa yule mpiga picha aliyekuwa na koti la kukodisha,
senti hamsini koti, shilingi moja picha.
Wakavuana, wakavishana,
kama watu wanaopokezana jembe.
Jioni treni ikawachukua. Mkonge, Kimamba.
Aliyerudi ni huyu wa kwanza tu,
naye hakurudi na vidole vyote."

Nami nilikuwa nimewapa miaka sita ya kukua,
watu waliokuwa na mchana mmoja.

Anainuka, anapita mbele ya mwanga,
bahari inamwagika mgongoni mwake, mnazi unampinda shingoni,
anagusa shuka kwenye ukingo wa picha.
"Hapa palikuwa na mkono. Uko wapi?"

Nilijua. Niliuona juzi:
kiwiko, na bangili mbili za shaba,
umeingia kutoka pembeni kama mtu anayebisha hodi.
Nikaukata. Picha ikakaa vizuri.

"Koti lilikuwa kubwa, Ndahani alipotelea ndani.
Mama akasimama kando, akalikusanya kwa nyuma,
akalibana kwa ngumi lisilegee.
Mpiga picha akasema, sogea, mama, usionekane.
Akasogea. Mkono aufiche wapi?
Maisha yake yote alikataa picha, Mbeleje binti Sudayi,
alisema uso si mali ya kugawa.
Hapo tu ndipo alipo.
Umemkata mama yangu, mwanangu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikahangaika na kompyuta, vidole vinatoa jasho,
nikaitafuta faili ya kwanza, ile chafu,
yenye ukungu na alama ya kikombe cha chai.
Nikaifungua ilivyo, imekaa upande.
Watoto wakalaza vichwa wapate kuona.
Mkono ukaja.
Bangili moja imeng'aa, nyingine imefifia,
na kwenye kona, chini kabisa, kipande cha kanga
kimevimba kidogo, kama kilichopulizwa.

"Huyo ni mimi," akasema shangazi. "Miezi saba."

Sekunde arobaini zikaisha, slaidi ya sita ikajileta,
shemeji fulani na baiskeli; nikairudisha nyuma.
Ikajileta tena. Nikairudisha.
Mjukuu mmoja akaniambia, zima hiyo saa.
Nikaizima.

Ya sita hadi ya kumi na mbili hatukuziona.
Petroli ya jenereta iliishia kwenye ule mkono,
na hata giza lilipoingia
watu walibaki wameelekea shuka.

Asubuhi nilimfuata shangazi akipepeta uwele.
Nikamuuliza, chini yake niandike nini?
Hakuinua macho.
"Andika: anashika koti."
Na mwaka?
Akapuliza makapi, akafikiri.
"Mwaka acha. Andika alishika mpaka picha ikaisha."