Kiambishi

Saa tano na robo usiku, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Feni inazunguka kama haina uhakika.
Nimebonyeza *Malipo* mara ya tisa
na ukurasa umefunguka mweupe,
mweupe kama bakuli lililorambwa.

Kwenye mazingira ya majaribio kitufe hiki hakikukosea hata siku moja.
Mchana tumekibonyeza, kimetupeleka,
tumepongezana, tumekunywa soda,
Mhina akasema "hamisha," nikahamisha.
Sasa kiko kwenye seva ya kweli
na wafugaji wa Pongwe, mia mbili na kumi na mmoja,
alfajiri watafungua simu zao
wasione lita hata moja.

Zuhuria yuko Chumbageni, mtoto mgongoni, simu begani,
ananisomea kumbukumbu za seva
kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli:
jrb-malipo, hakuna.
jrb-malipo, hakuna.
jrb-malipo, hakuna.
Kisha kimya. Kisha: "Wewe, huku hakuna jrb.
Huku kila kijenzi kinaanza na tng.
Umekwenda mlangoni pa watu
unamwita mwenzao kwa jina la nyumba nyingine."

Kweli. Niliandika kwa mkono wangu,
herufi tatu na kistari,
mwezi wa Aprili, mvua ikipiga bati na umeme ukitishia,
nikaziacha ndani ya njia kama kijiko ndani ya sufuria.

Nikasema, basi nakikata kiambishi,
yabaki malipo tu.
Nikakata. Nikabonyeza.
Yakaja malipo ya madereva wa lori.
Kumbe kuna malipo mawili,
na mfugaji wa Pongwe angelipwa kwa kilomita
alizotembea ng'ombe wake.

Zuhuria alicheka mpaka mtoto akaamka.

Hapo ikaingia simu ya bodaboda:
"Bosi, mishikaki yako ninayo, niko hapa saba, kumi na nne,
mama mmoja anasema hakuagiza kitu."
Yuko Barabara ya Saba, nyumba ya kumi na nne.
Mimi niko ya Kumi na Nne, nyumba ya saba.
Hajakosea namba hata moja, yule kijana.
Amekosea ipi itangulie.

Darasa la tano, mwalimu Semng'indo, chaki mpaka kwenye nyusi:
mtu, watu,
kitu, vitu,
jitu, majitu,
utu.
Mzizi ni ule ule, alisema, mlango ndio unaobadilika.
Nikauliza, na mzizi ukiwa peke yake?
Akaandika *tu*, akaitazama, akaifuta.
"Peke yake," akasema, "ni tu tu."

Saa sita na dakika arobaini nimefuta zile herufi tatu.
Mahali pake nimeweka swali:
kijenzi kikifika ugenini kibishe hodi,
kimuulize mwenyeji, hapa mnaanzaje majina?
kisha kiunge, kisha kiende.
Mistari miwili.
Aibu ya usiku mzima, mistari miwili.

Majaribio: inafunguka.
Uzalishaji: inafunguka.
Kompyuta ya Mhina, isiyo na kiambishi chochote: inafunguka pia,
sijui kwa nini, na sitaki kujua leo.

Mishikaki imefika imepoa, pilipili imevuja kwenye mfuko.
Nimeila nimesimama, dirisha wazi,
barabara yangu kimya, na kando yake ya kumi na tatu,
na ya kumi na tano, kimya kile kile
kwa majina mbalimbali.

Saa kumi na moja na nusu Zuhuria ananitumia picha.
Simu ya Nahumu Kiondo, kioo kimepasuka pembeni:
*Jumatatu. Lita kumi na mbili na nusu.*
Juu kabisa, kwa herufi ndogo, tng na kistari chake.
Hakuiona. Chini yake ameandika ujumbe mmoja,
bila salamu:
*Na ya Jumapili?*