Saba

Karani wa sensa alikaa kwenye kigoda,
penseli sikioni, vumbi la Bahi hadi magotini.
"Usiku wa kuamkia leo, mama, mmelala wangapi?"
"Saba."
Tulikuwa sita. Nilihesabu mara mbili.

"Wa saba nani?"
"Chilongani. Umri, ishirini na mbili."

Ndiyo aliyoondoka nayo mwaka ule wa vita,
kiwiliwili nje ya dirisha la behewa,
akipiga kelele tumtunzie ndama wake mwenye baka.
Ndama alikua, akazaa, akazeeka, tukamla.

Jeshini ilitoka karatasi moja: *hajulikani alipo*.
Hawakuandika amekufa.
Hawakuandika mzima.
Mama aliichomeka kwenye fito za tembe,
panapokaa mbegu za uwele.

Karani akakohoa: sheria inataka aliyelala.
Mama hakuacha kupepeta.
"Walimhesabu akipanda treni.
Aliyehesabu kwenda, ahesabu na kurudi.
Mpaka hapo, andika saba."

Sikuona alichoandika.
Ila usiku ule nililala ukingoni kabisa mwa ngozi,
mgongo ukutani,
baridi,
nikaacha nafasi.