Kwa Ormon, Kabla ya Tingatinga

Usianze na tingatinga, Ormon.
Najua limefika jana kutoka Naryn, rangi ya kiini cha yai,
na ufunguo wake unakuwasha mfukoni kama upupu.
Anza na bibi Zuurakan, nyumba ya tatu ng'ambo ya mfereji.
Bisha hodi. Mwambie: Alhamisi usianike nguo.
Atakupa chai. Kunywa.
Atakuuliza kwa nini tunavunja kilichosimama.
Mwambie kimesimama kwa mazoea tu.
Tetemeko la Machi limekiachia ufa
unaomeza mkono wangu hadi kiwiko.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Lakini kabla ya kuujenga, nani aubomoe,
na aanzie wapi?

Umeme kwanza. Usiamini swichi,
swichi ni mdomo tu.
Fuata waya hadi nguzoni, uuone ukikatwa,
kisha rudi upime tena kama mtu asiyejiamini.
Maji ya bombani yafungwe, ila ya mpira yabaki:
vumbi halina adui mwingine.

Sasa paa.
Yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi
ni asbesto. Hayaumi, hayanuki,
wala hayana haraka.
Usiyapige nyundo. Usiyakate. Usiyarushe chini.
Yaloweshe taratibu, kama anayeosha maiti,
legeza misumari mmoja mmoja,
shusha bamba likiwa zima, mikono miwili,
ulifunge kwa nailoni tabaka mbili, uandike ni nini
ili dereva wa lori asije akajifanya hajui.
Na barakoa haishiki penye ndevu.
Nyoa, Ormon. Zenyewe nywele kumi na moja.

Baba alikuwa kwenye kikosi kilichoezeka paa hili.
Alikata mabamba kwa msumeno wa mkono,
akirudi jioni mweupe kama mtu wa kinuni,
nasi tukicheka, tukiandika majina yetu mgongoni mwake kwa kidole.
Mama alimvua shati mlangoni,
akalikung'uta, mara tatu, kwa nguvu, akiziba jicho moja.
Baba alikufa mzee, kwa kuanguka farasini.
Aliyekohoa ni mama.
Miaka thelathini baada ya shati,
daktari alinionyesha picha ya kifua chake
na sikuona kitu, ilikuwa kama dirisha lenye baridi.

Kwa hiyo ovaroli zako hazendi nyumbani.
Hazendi. Hata kama mama yako amezoea kukufulia.

Viota vya mbayuwayu upande wa mashariki ni vitupu,
nimepanda ngazi nimevipekua.
Ukuta tutauvua kuanzia juu,
tofali la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kutoka.
Mtu asisimame chini ya kazi ya mwenzake,
hata mkuu wa wilaya, hata akiwa na mpiga picha.

Siku yenyewe, alfajiri, mimi na wewe
tutapita vyumba kumi na vinne.
Kila mlango tunaita mara tatu,
tunanyamaza, tunasikiliza, tunachora alama ya chaki.
Utaona haya kuita chumba kitupu.
Ita.
Kwenye bweni lile la mwaka juzi
ni mara ya tatu iliyojibiwa:
mvulana chini ya ngazi, na mbwa wake,
alikuwa amemziba mbwa mdomo ili wasifukuzwe.

Ndipo nitapuliza filimbi. Ndipo ufunguo wako.

Ukitaka kujua kama tulifanya kazi vizuri
usiutazame uwanja mtupu, uwanja hauna la kusema.
Ijumaa asubuhi simama kando ya mfereji.
Zuurakan atatoka na beseni lake,
atapitisha kidole juu ya kamba ya nguo, mwanzo hadi mwisho,
atakigeuza kidole kwenye mwanga,
atakitazama.
Subiri uone kama ataanika.