Kiunzi cha Nane

Kazi yangu pale Debrecen ilikuwa moja:
kuinua kilichoangushwa.
Njia ya nne, kiunzi cha nane,
fulana ya kujitolea imenibana kwapani,
mvua ya Julai ndiyo kwanza imekatika.

Bendegúz, wa udaktari wa mifugo,
chumba cha pili kutoka changu bwenini,
jana aliazima chaja yangu,
akaninong'oneza kuwa goti linamsumbua,
nisithubutu kumwambia mama yake.

Bastola.
Uso sikuuona. Niliona miguu:
hatua tatu, ruka, hatua tatu, ruka,
kama mtu anayeshona kwa pupa
shati atakalolivaa leo hii hii.
Wa Riga kulia, wa Daegu kushoto.
Cha tano alikipangusa.
Cha sita kikamjibu.
Cha saba alikivuka kwa mkopo,
na changu
akakilipa kwa goti lile lile.

Wenzake walimaliza kwa sekunde kumi na tatu na ushee.
Yeye alikuwa chini, mbele yangu,
anacheka, au ndivyo mdomo ulivyokaa.
Jukwaani mama Ibolya amesimama,
mwavuli wazi, mvua hakuna.

Tuliambiwa: mkimbiaji haguswi.
Basi nikainua kiunzi,
nikakirudisha kwenye alama yake,
taratibu, taratibu kupita kiasi,
hadi naye akawa wima.

Cha tisa alikivuka mguu mmoja mmoja,
kama anayeruka ua wa jirani usiku.
Cha kumi hivyo hivyo.

Chaja yangu hajarudisha mpaka leo.