Nyota Chini ya Jedwali la Pili

Makala yangu ilitoka mwezi wa tatu,
kurasa nane, safu mbili mbili, herufi ndogo kama chawa.
Nikaichapa, nikaibana pini, nikaiacha mezani
katika chumba namba sita, hospitali ya Coyhaique,
ambako dirisha halifungi sawasawa
na moshi wa kuni wa mji mzima huingia bila miadi.

Watu mia mbili na kumi na wawili.
Huzuni yao niliipa alama, sifuri hadi ishirini na saba,
nikaijumlisha, nikaigawanya,
maana hata majonzi yana wastani wake
na yana watoro wake.

Chini ya jedwali la pili, penye nyota ndogo, niliandika:
washiriki kumi na wanne hawakurudi.
Wahakiki hawakuuliza neno.

Jumanne, theluji na mvua zikigombania paa,
akaingia Eleuterio Barría, buti zina tope la zizi.
"Daktari, nasikia maandishi yako yametoka.
Mimi niko wapi humo?"

Mtu unamwambiaje kwamba yeye ni nyota,
tena si ya mbinguni?
Nikapeleka kidole chini, chini kabisa. "Hapa."
Alisoma taratibu, midomo ikitangulia macho.
"Hawakurudi," akasema. "Hawakurudi wapi?"

Nikalitoa faili lake. Mara ya kwanza, kumi na tisa.
Mara ya pili, ishirini na moja. Kisha kimya.
Kwa hesabu zangu mtu huyu alikuwa anazama,
nami nilimpigia simu mara mbili, kama itifaki isemavyo.
Mbili. Si tatu.

"Lile swali lako la usingizi," alisema.
"Uliniuliza naamka mara ngapi usiku. Nikakujibu, mara nne.
Ukaandika.
Hukuniuliza naamkia nini."

Akaweka kofia juu ya wastani wangu.

"Rosalba alipozikwa nililala kama gogo,
nikiamka nageuka ubavu, nalala tena.
Halafu Septemba kondoo wake mmoja akafa akizaa.
Akabaki mtoto, miguu kama njiti za kiberiti.
Nikamweka kando ya jiko, ndani ya sanduku la tufaha.
Saa nne, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja,
chupa, maziwa ya vuguvugu,
na akimaliza ananyonya kidole changu, hana habari.
Usingizi sina. Chakula nakula nimesimama.
Karatasi yako ikasema ugonjwa umezidi.
Nikaogopa utanipa dawa ya kulala
naye angekufa njaa.
Nikaona basi, nisije."

"Yuko wapi sasa?"
"Dume hilo, limekuwa jeuri. Juzi limebomoa ua wa jirani,
na jirani hasemi nami."
Alisema hivyo kwa fahari ambayo sina swali la kuipima.

Alipoondoka aliacha unyoya wa sufu kwenye kiti
na maji ya theluji juu ya makala, mahali pa matokeo.
Sikuyafuta upesi.

Ningeweza kuliandikia jarida. Wangenijibu kwa adabu
kwamba mtu mmoja si ushahidi,
na wangekuwa sahihi; hata mimi huwafundisha wanafunzi hivyo,
kila Alhamisi, kwa sauti kubwa.
Tena nisijidanganye na kondoo wa Eleuterio:
wapo wengine kumi na watatu,
na si kila asiyelala ana mtu wa kumnyonyesha.

Giza lilikuwa limeingia, wasafishaji wako ukumbini.
Nikafungua daftari la namba.
Sonia Huenchumán, mshonaji, mara ya mwisho ishirini na tatu.
Simu ikaita.
Hii ni ya tatu, nikajisemea, haimo katika itifaki,
haitaingia katika jedwali lolote.
Ikaita.
Nikavuta kiti, nikaliegemeza sikio,
nikaiacha iite.