Nguzo kwa Nguzo

Mwezi wa kumi Lulindi hauhitaji kalenda,
pua inatosha.
Mabibo yameanguka usiku kucha, pu, pu, mchangani,
mekundu, ya njano, mengine yamepasuka yakaita nyuki,
na jua likishayachemsha, saa nne hivi,
kijiji kizima kinanuka uraka.

Mimi ni Danstani Namkulya.
Mikorosho arobaini na saba ya marehemu baba,
sita ya shemeji aliyehamia Nachingwea.
Naokota. Nanyonga korosho iachane na bibo lake,
korosho ndooni, bibo majanini,
na vidole vinanata utamu
niliouapia.

Kule bondeni kwa Mama Nangwele pipa limeshainjikwa,
mrija umepitishwa kwenye maji baridi,
nipa inadondoka, tone, tone,
na kila tone linalijua jina langu la ubatizo.

Watu wakisikia neno ushindi
wanawaza tarumbeta, wanawaza kuta zinazoporomoka.
Wangu haukuwa na sauti.
Ulikuwa mtu mmoja njia panda, saa kumi na moja jioni,
jembe mkononi kama fimbo ya kipofu,
anasema: Bwana, nifikishe nguzo ile tu ya umeme.
Nikafika.
Sasa ile nyingine, yenye bango la mgombea.
Nikafika.
Mwaka wa kwanza niliuvuka hivyo,
nguzo kwa nguzo,
sikuwahi kuomba njia nzima.

Mwaka wa tatu nilianguka. Sifichi.
Malipo ya mnada wa pili yalikuwa yametoka,
nilipanga foleni benki Masasi tangu alfajiri,
noti zikawa na joto mfukoni kama kifaranga.
Sikumbuki nguzo hata moja ya siku ile.
Agripina alinikuta mtaroni, kiatu kimoja,
hela ya salfa na ya sare za watoto imekwenda.
Hakulia. Hakunitukana, na haki alikuwa nayo.
Alisema: Simama, kengele ya kwanza imelia.

Nilikwenda nikinuka.
Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango,
waliokuwa mbele wakageuka, wakageukia tena madhabahu.
Nilidhani imani ni uimara wa miguu yangu.
Miguu hii naijua mimi!
Kumbe ni kushikwa kwapani
na asiyejali harufu.

Jumapili hizi Padri Hokororo anashuka na kikombe,
kile cha zamani kilichobonyea ukingoni.
Mkate nimekwisha pokea, umekauka ulimini.
Harufu ya divai inanifikia kabla yake,
na ndani yangu kuna mnyama anainua kichwa.
Nakutanisha mikono kifuani, alama ya msalaba uliolala,
sahihi ya mtu asiyejua kuandika.
Padri haulizi.
Ananigusa kipaji kwa kidole gumba, anasogea kwa jirani.
Kikombe kinanipita;
aliyemo hanipiti.

Agripina hupiga magoti upande wa wanawake.
Najua anachungulia.
Mwaka wa sita sasa, bado anachungulia,
na bado pesa anaficha, safari hii sijui wapi,
wala sitaki kujua.
Kuna vita vya mtu mmoja
ambavyo hupiganwa na nyumba nzima.

Jana mwanangu Yustini aliniuliza: Baba, umeshashinda?
Nilikuwa nimeinama, natafuta korosho kwenye majani makavu.
Nikamwambia: Niulize kesho.
Akacheka, akaling'ata bibo, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni.

Leo jioni narudi kwa njia ileile.
Moshi wa bondeni umelala chini, mzito, mtamu.
Umeme umekatika tangu adhuhuri.
Nguzo zimesimama.